Ribiti ya Kumi na Moja

Wichita, 12 Juni 1944

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi umenipotea. Mgongo wa baba unaendeleaje? Na ngano, imeanza kugeuka rangi?

Jana msimamizi wetu wa kiwandani, Hazel, alitutoa kundi zima la bawa, watano pamoja naye, kwenda ziwani. "Leo sitaki habari za ndege," alisema. "Atakayetaja ribiti haonji tikiti." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tulikula kuku wa kukaanga na saladi ya viazi, tukashindana kuogelea. Hazel akawa wa mwisho, akadai eti maji ya upande wake yalikuwa mazito.

Kisha tukapindua mashua ya bati, tukazama na kuibukia chini yake ili tuimbe mle ndani. Giza, joto, bati kila upande, kama ndani ya bawa tu. Katikati ya wimbo, mtu akagonga bati kwa juu. Mara tatu.

Tukahesabiana: watano, wote mle ndani. Tulipotoka, ziwa lilikuwa tupu mpaka ukingoni. Tukakusanya vyombo, tukarudi mjini.

Unakumbuka nilivyokueleza kazi yetu? Mimi niko nje na bunduki ya kupigia ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikiza bati za bawa; mwenzangu yuko ndani ya bawa, amekandamiza chuma upande wa pili. Kwa kelele zile hatusikilizani, kwa hiyo anagonga. Moja, piga tena. Mbili, imekaa sawa. Tatu, mbovu, itoe. Wa ndani alikuwa Luella, yule mdogo niliyekuandikia Machi kwamba homa ya mapafu imemchukua.

Kuna jambo sikukuandikia. Siku yake ya mwisho kazini aligonga tatu, tena tatu. Nilikuwa na haraka, nikaendelea kupiga, nikisema tutazirudia. Kengele ya kutoka ikalia. "Kesho, Lu," nikamwambia. Kesho yake hakuja, na bawa nililikuta limeshaondoka na muhuri wa mkaguzi. Nikanyamaza. Naogopa, mama.

Mwanao,
Verna

Shambani, 19 Juni 1944

Mwanangu Verna,

Marahaba. Baba yako anatembea na kulalamika, basi ni mzima. Ngano tunaanza kuvuna Alhamisi.

Mambo ya ndege siyajui, wala sijui nani aligonga. Lakini tatu maana yake umeniambia mwenyewe, na watoto wa watu watapanda ndege ile. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wakikufukuza, huku kuna ng'ombe wa kukamua, na wanakuulizia. Nenda ukaseme leo hii.

Mama yako

Wichita, 27 Juni 1944

Mama mpendwa,

Shikamoo tena. Mwili mzima, moyo sijui. Poleni na mavuno.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaenda moja kwa moja kwa Hazel. "Miezi mitatu, Verna? Na kila siku unakula na mimi meza moja?" Nililia, hakunibembeleza. Alifungua daftari la namba za mabawa akatafuta. Ndege yenyewe bado iko kiwanjani, inasubiri injini.

Corinne, aliyeshika nafasi ya Luella, alitambaa ndani na taa. "Ziko kumi na moja," akasema. Kumi na moja, mama. Sikuwa hata nimehesabu. Kila moja ilikuwa imezungushiwa penseli nyekundu, na pembeni, kwa mwandiko wa Luella: Verna, kesho.

Tukazitoa zote, tukaanza upya. Napiga, Corinne anagonga mbili. Napiga, mbili. Ya kumi na moja nikapiga, nikasubiri. Mbili, polepole. Nikaweka bunduki chini, nikageuka kumwita Hazel. Corinne alikuwa nyuma yangu, anakunywa maji.

"Samahani, dada," alisema. "Ilipokwisha ya kumi joto lilinizidi, nikatoka. Ulikuwa unaningoja?"

Ribiti isipokandamiziwa chuma upande wa pili haiumbiki kichwa, haishiki. Hazel, pamoja na mwili wake ule mnene, aliingia mwenyewe kuiangalia. Alipotoka alifuta mikono muda mrefu, akasema imekaa vizuri kuliko zile kumi.

Mimi wamenihamishia kwenye kutoboa matundu, na nastahili. Jumapili Hazel anataka turudi ziwani. Nitakwenda, mama. Tuko watano, lakini safari hii tutabeba sahani sita.

Mwanao,
Verna