Magauni ya Kutundika

Jumatatu, 6 Oktoba
Zipu tatu, pindo mbili, suruali ya mwalimu wa Kyambogo anayenenepa kila muhula. Sikumwambia. Nimeacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, kama kawaida yangu. Atarudi. Mwaka wa tatu sasa Mama Nakato ananiachia kona ya baraza lake hapa Namuwongo, Kampala, niweke cherehani. Mungu ambariki, pamoja na umbea wake.

Jumanne, 7 Oktoba
Wanjiru, Mkenya ninayeimba naye kwaya, anarudi kwao Nakuru. Ananiachia kibanda chake sokoni Bwaise. Anataka jibu Jumapili ya wiki ijayo, kuna mwingine anakimezea mate. Kule hawataki fundi wa oda na viraka, wanataka nguo tayari, zimetundikwa. Anasema mshonaji akiugua, biashara inalala naye kitandani, lakini gauni lililotundikwa linajiuza. Kweli. Mwezi wa nne malaria ilinilaza wiki mbili.

Natamani. Naogopa.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimekata! Lile jora la kitenge cha bluu alilonitumia dada yangu Neema kutoka Bukavu. Zima. Likiharibika sina jingine. Magauni kumi. Hakuna wa kupimwa, hakuna wa kusema legeza hapa, bana pale. Raha. Mkasi ulikwenda wenyewe.

Jumatano, 15 Oktoba
Yametundikwa barazani, kujaribu bahati. Wanawake wakasimama, wakashika, wakasifu. Wakajaribu nyuma ya pazia la Mama Nakato. Wa kwanza, mabega yanapwaya, nyonga zinabana. Wa pili vivyo hivyo. Wa sita vivyo hivyo. Mama Nakato mwenyewe alikwama mikono juu, tukamchomoa watu wawili.

"Banange, Furaha! Hii nguo ulipima nani? Kampala hakuna mutu iko namna hii!"

Nilicheka. Baadaye sikucheka. Halikuuzwa hata moja.

Alhamisi, 16 Oktoba
Nimelipima moja kwa futi. Mabega mapana, kiuno kifupi, nyonga nyembamba. Bega la kushoto limeshuka kidogo.

Neema.

Nilijifunza kushona kwenye mwili wake, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuchomwa pini. Miaka minne sijamwona. Mkono wangu umemkata mara kumi bila kuniuliza. Nimelia hapo hapo barazani, na mteja ananitazama. Hasira pia ninayo. Jora zima, mpumbavu mimi!

Jumapili, 19 Oktoba
Baada ya ibada nimemjibu Wanjiru. Hapana. Akaniambia vipimo vya nguo tayari vinafundishika, nisikate tamaa kwa kosa moja. Najua vinafundishika. Sitaki. Mimi nataka mtu asimame mbele yangu, anyooshe mikono, anipe habari za nyumbani kwake huku nikimpima kiuno. Na ile malaria ya mwezi wa nne, Mama Nakato alinipikia uji kila asubuhi. Mwalimu wa Kyambogo alileta machungwa. Bwaise nani angenipikia uji, gauni?

Wanjiru alicheka, akanikumbatia. Nitammisi. Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Ijumaa, 24 Oktoba
Asante Mungu kwa tabia yangu ya kuacha kitambaa ndani. Magauni tisa nimeyafumua na kuyashona upya, kila moja mnunuzi wake akiwa amesimama hapa. La Mama Nakato lilikuwa la kwanza. Ameshazunguka mtaa mzima nalo, na leo wamekuja wanne kupimwa, wamebeba vitenge vyao.

La kumi sijaligusa. Baba Shukuru wa kanisani anasafiri kesho kwenda Bukavu. Nimelipiga pasi, nimelikunja, nimeliweka kwenye mfuko.

Hili halina haja ya kujaribiwa.