Rafu Yako Iko Tupu, Mama

Mama yangu, mama wa Alhamisi,

Baridi imeanza kuingia. Saa tumesharudisha nyuma, na ile miti ya njia ya stesheni hapa Minto imeanza kumwaga majani. Kila nikipita pale nakukumbuka ulivyoisema mwaka wetu wa kwanza: "Miti ya nchi hii haina akili. Baridi inakuja, yenyewe inavua nguo." Wewe mwenyewe ulikuwa umevaa masweta mawili na kitenge juu yake. Nilicheka mpaka mwenye duka akatoka kututazama.

Nakuandikia kwa sababu leo nimevunja sheria yako. Nimeivunja mchana kweupe, mbele ya watu, na sijutii. Lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba mtu akikosea, akaseme kwa mdomo wake mwenyewe. Basi keti nikueleze toka mwanzo, na usinikatize kama kawaida yako.

Unalikumbuka lile sanduku la vitabu kule kambi ya wakimbizi, Kigoma. Vitabu kumi na sita kwa mtaa mzima, na ufunguo ukining'inia shingoni mwako. Tulinawa mikono kwenye beseni, tukakaa mkekani, tukasoma, tukarudisha, ukahesabu, ukafunga. Hakuna kilichotoka. Nilikuwa na miaka tisa nilipokificha kile cha binti aliyefuga nyuki. Nilikitia chini ya gauni, nikatembea nacho hadi nyumbani nimekumbatia tumbo kama mgonjwa. Ulinijua toka mlangoni. Hukunipiga. Ulinishika mkono, ukanirudisha nacho, ukanisimamisha mbele ya kina mama waliokuwa kwenye foleni ya maji, ukaniambia niseme nilichofanya. Nilitamani ardhi inimeze. Tulipokuwa tunarudi ndipo ukasema, taratibu tu, "Kitabu cha watu hakilali kwetu. Kuna mwenzio anakingoja."

Maneno hayo nilikuja nayo Australia pamoja na sufuria zetu mbili.

Ulipoingia maktaba yetu mara ya kwanza uliniuliza mwenye ufunguo yuko wapi. Nikakwambia hakuna ufunguo, milango inafunguka yenyewe. Hukuamini. Ukazunguka kote mpaka ukaiona rafu ya Kiswahili, ile ya chini karibu na dirisha, na cha tatu kutoka kushoto kilikuwa kile kile cha binti na nyuki. Ulipiga magoti. Ulikishika kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani, ukakigeuza, ukakinusa, halafu ukanitazama kwa jicho lile la foleni ya maji. Miaka yote ile ilikuwa imepita na bado niliona aibu.

Toka siku hiyo kila Alhamisi, watoto wakishatoka shule, ulikuwa pale. Ulinawa mikono chooni, ukakaa kwenye zulia, ukawasomea watoto wa Warundi, wa Wakongo, wa Wakenya. Wao wanauliza kwa Kiingereza, wewe unajibu kwa Kiswahili, na hakuna aliyepotea njiani. Helen, yule mkutubi mwenye miwani kichwani, akakitia kipindi chako kwenye ratiba, kati ya mazungumzo ya Kiingereza ya Jumanne na msaada wa kazi za shule wa Jumamosi. Ile karatasi ya ratiba uliikunja ukaitia kwenye Biblia yako. Na kadi ya maktaba uliitia humo humo, hukuitumia hata siku moja. Helen alikueleza mara ngapi kwamba vitabu vinabebwa nyumbani, bure, wiki tatu nzima? Ulimshukuru sana, na tulipotoka nje ukaninong'oneza, "Huyu binti ana roho nzuri, ila hajui kutunza mali."

Kina mama wote wakakufuata. Vitabu vikasomwa pale pale zuliani, vikafutwa, vikarudishwa kwenye nafasi yake, migongo imenyooka. Ulipotutoka, nikakaa mimi mahali pako. Nabadilishana shifti na wenzangu kule kwenye nyumba ya wazee, nafika na sare yangu ya kazi, nanawa mikono, nasoma. Nilidhani natunza ulichoacha.

Wiki tatu zilizopita Helen alibandika ukutani mti mkubwa wa karatasi, kwa ajili ya msimu huu wa majani kuanguka. Kila msomaji anapewa jani la karatasi, anaandika kitabu anachowapendekezea wenzake na sababu yake, kisha analitundika. Mimi nikaandika la kile cha nyuki, kwa Kiswahili: "Kisome huku umevaa soksi, kina asali na kina machozi." Nikaridhika na nafsi yangu. Helen akaniomba nimtafsirie, nikamtafsiria, nikaona uso wake umebadilika.

Akanivuta kwenye kompyuta. Kila kitabu cha rafu yetu kilikuwa na mstari wake, na mwisho wa mstari idadi ya mara kilizotoka nje. Sufuri. Sufuri. Sufuri mpaka chini. Akanieleza kwamba vitabu visivyotoka huondolewa ili vingine vipate nafasi, na rafu yetu ilikuwa kwenye orodha ya kuondolewa msimu huu ukiisha. Na rafu ikienda, kipindi cha Alhamisi nacho kinakwenda.

"Lakini vinasomwa kila wiki," nikamwambia. "Wewe mwenyewe unatuona."

"Mimi nawaona, Goreti," akasema. "Kompyuta haina macho. Inajua tu kilichopita mlangoni."

Mama, nilipanda basi nikiwa nimevimba. Kwanza nilimkasirikia Helen, halafu kompyuta, na tulipofika karibu na nyumbani nilikuwa nimekukasirikia wewe. Ndiyo, wewe. Tulikuwa tumekiheshimu kitabu kiasi kwamba tumekiponza, na heshima hiyo ilitoka mkononi mwako. Nilitaka kukupigia simu nikugombeze. Namba yako bado ninayo, sijaweza kuifuta.

Jumapili baada ya ibada nikawaeleza kina mama, chai ikiwa mezani. Nikasema tuazime, sote, kila wiki. Mama Fidesia, shoga yako wa toka kambini, akaweka kikombe chini akaniuliza, "Na marehemu mama yako angesemaje?" Wengine wakaitikia kwa vichwa. Wanjiru, nesi yule Mkenya anayeleta mapacha wake Alhamisi, akashindwa kuvumilia. "Ai, nyinyi watu mnaheshimu kitabu mpaka kinafukuzwa kazi." Mimi nilicheka. Wao hawakucheka.

Hapo ndipo nilipowasimulia wizi wangu. Wengi hawakuujua, na Mama Fidesia aliyekuwa na ndoo yake kwenye ile foleni alikuwa ameusahau. Niliwasimulia gauni, aibu, na maneno yako njiani. Halafu nikawaambia kwamba sisi tumeshika nusu tu ya maneno yale. Mama hakuwa anakilinda kitabu, alikuwa anamlinda yule anayekingoja. Kambini, kitabu kikitoka, anayengoja anakikosa. Hapa, kisipotoka, anayengoja anakikosa. Na leo anayengoja ni mwanangu Keza, ambaye namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza kutwa nzima.

Mama Fidesia alimaliza chai yake yote kwanza. Unamjua, hafanyi haraka hata moto ukiwaka. Mwishowe akasema, "Basi tutavibeba. Lakini kwa adabu."

Sikujua adabu hiyo ni ipi mpaka leo. Amekuja maktaba na mfuko mkubwa, na ndani yake vipande vya vitenge, vimekatwa, vimepigwa pasi, kimoja kwa kila kitabu. Alikuwa na kitenge chako cha bluu pia, ulichomwachia. Alikikata, Mama. Niliumia nilipokiona, kisha nikaona jinsi vipande vilivyokunjwa vizuri, nikachukua kimoja cha kitabu changu.

Tukanawa mikono sote. Tukapanga foleni kwenye mashine ya kuazimia, mimi mbele kwa kuwa mkosaji wa kwanza ni mimi. Mwanamke mzima, nageuza wazee wazito kila siku, nashindwa kuweka kile kitabu cha nyuki kwenye mashine. Keza akaniambia kwa Kiingereza kwamba ni rahisi tu, akanisukuma mkono pembeni, akakiweka yeye. Mashine ikalia kidogo, basi. Hakuna aliyetoka kunishika. Nyuma yangu Mama Fidesia akaweka chake, halafu mwingine, halafu mwingine, na kila kikitoka kinavikwa kitenge kama mtoto mchanga anayetolewa nje.

Helen alikuwa kwenye kikao. Aliporudi akaiona rafu imebaki mbao tupu, akashika mdomo. Alidhani wameshakuja kuvichukua kabla ya siku yake. Kisha akageuka akatuona tumejipanga na vifurushi vyetu kifuani, akacheka mpaka akakaa chini, pale pale kwenye zulia ulipokuwa ukikaa. Alikuwa analia pia, nilimwona.

Halafu akagawa majani. Mama Fidesia ameandika: "Kina herufi kubwa, macho yangu yanakiweza." Wanjiru ameandika: "Kiwahini kabla sijakiazima tena." Jani langu lilikuwa peke yake kwenye tawi lile, sasa lina wenzake.

Sitakudanganya kwamba tumeshinda. Helen anasema wakubwa wake wataangalia msimu mzima, Alhamisi moja haitoshi. Sawa. Tumepeana zamu. Kila Alhamisi tutarudisha, tubadilishane, tuviazime upya, baridi iwe kali vipi. Na wakiamua kuiondoa pamoja na hayo, nitakwenda kwa wakubwa hao na sare yangu ya kazi, nitakaa hapo mpaka wanisikilize. Ubishi huu sikuuokota njiani, unajua nilikoutoa.

Kinachoniuma ni kwamba sikuweza kukuuliza. Nimezoea kukuuliza mpaka chumvi. Leo imenibidi nishike neno lako moja nitumie kuvunja jingine, peke yangu, na nimetembea kutoka stesheni hadi nyumbani nimekumbatia kile kifurushi, kama siku ile, nikitazama mlangoni kama utakuwepo. Hukuwepo. Nimekaa kwenye ngazi nikalia kidogo, kisha nikaingia kupika.

Sasa ni jioni, na huko chumbani Keza anasoma kwa sauti. Anasoma kwa Kiswahili, Mama. Anajikwaa, anasimama, anarudia neno, anaendelea. Binti yuko kwenye mzinga wa kwanza, bado hajang'atwa. Kadi yako ya maktaba nimeitoa kwenye Biblia nikampa awe anaweka alama ya ukurasa, ili nayo ifanye kazi.

Rafu yako iko tupu leo. Kitabu cha watu kimelala kwetu, na kitenge chako cha bluu. Alhamisi nitakirudisha. Kuna mwenzetu anakingoja.

Lala salama, Mama. Ni mimi mwizi wako mdogo,
Mama Keza