Mkuu Aliweka Simu Spika Mbele ya Bodi

Edinah, usinipigie, siwezi kuongea. Nimejifungia kwa choo cha ofisi.

Si unajua leo bodi ilikuja Kitale kupanga vile chuo chetu kitaishi mwaka ujao. Mkuu akasema wanafunzi mia tatu wameahidi kuja Septemba. Mzee mmoja wa bodi akamwambia, "Mia tatu? Hebu pigia mmoja tusikie."

Na akapiga, Edinah. Akaweka spika!

Simu ikashikwa na mama mmoja wa Endebess. "Derrick wangu? Huyo alishaenda chuo cha Bungoma." Mkuu akauliza kwa nini. "Si mwalimu wenu aliniambia ukweli, ati hicho chuo chenu hakitamaliza mwaka. Mnisalimie sana madam Phelista."

Mimi huyo, na nimekaa hapo hapo kwa mkutano. Mnisalimie madam Phelista! Mbele ya bodi yote, bana.

Nikangoja anifute kazi hapo hapo. Vile nimechoka, hata ningemshukuru.

Mkuu akazima simu, akaniangalia. Hata hakukasirika. Akaniuliza tu, "Madam, na sisi mbona hukutuambia huo ukweli?"