Wakili Wetu Anataka Kumkabidhi Kaka Yangu kwa Mwingine

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi pokea salamu tu, kwani hapa nilipo hata adabu zimeanza kunipotea. Kaka yangu ni dereva wa lori, amefungwa kwa ajali iliyoua mtu, ila anaapa breki zilifeli, na fundi aliyelifungua lori anasema hivyo hivyo, lakini hakimu alikataa kumsikiliza fundi eti jina lake limeletwa kwa kuchelewa, na wakili wetu, mshauri, yule baba alisimama akapinga, akaambiwa akae, akasimama tena, "Mheshimiwa, naomba iandikwe kwamba tumemleta na amekataliwa," mpaka nyumbani tukambandika jina Bwana Iandikwe. Tulishindwa, lakini sijaona mtu akimpigania mtoto wa mwenzake namna ile, sauti ilimkauka, siku ya hukumu alimshika mama mkono mpaka nje, na hatujamaliza kulia alikuwa ameshawasilisha notisi ya rufaa.

Sasa ananiambia, "Dada, mimi ni mtu wa kuhoji mashahidi. Rufaa mpeni mwenzangu, amebobea huko." Mwenzake ni mama mmoja mwenye sauti ya chini, meza imejaa makaratasi, nikamwambia fundi yuko tayari na nimemnunulia shati jipya la mahakamani, akanitazama juu ya miwani, "Shati zuri, lakini huko hatuiti mashahidi." Mama yetu anasema yeye Bwana Iandikwe hamwachi, kaka kaniachia niamue, na mimi nafsi inanisuta, nitamwachaje aliyetufaa hivi nimfuate asiyetaka hata shahidi? Muda wa kupeleka sababu za rufaa unakwisha. Nisaidie.

Dada wa Dereva

Dada wa Dereva,

Pole sana. Nimeupenda moyo wako, kisha nikatamani kukufinya sikio. Unamshukuru wakili kwa kukataa ushauri wake? Shukrani gani hiyo?

Rufaa si kesi kuanza upya. Kwa kawaida majaji husoma yaliyoandikwa kule mahakama ya chini, kisha huwasikiliza mawakili wakieleza hakimu alikosea wapi. Yule mama hajamkataa fundi wako. Atasimama kusema fundi alinyimwa nafasi isivyo haki, na ataweza kusema hivyo kwa sababu Bwana Iandikwe alikomaa mpaka ikaandikwa. Ninyi mkidhani anabishana na hakimu, kumbe alikuwa anaongea na majaji ambao hamjawaona. Wakikubaliana naye, wanaweza kuamuru kesi isikilizwe tena, na hapo mtamhitaji Bwana Iandikwe, na fundi na shati lake. Siahidi ushindi, lakini mlango upo, na aliyeuacha wazi ni huyo huyo unayeogopa kumuudhi.

Kwa hiyo nenda kwa yule mama ukamwambie ndiyo. Waombe wakae pamoja, mmoja amweleze mwenzake kesi yote, na wewe usiyoelewa uliza bila haya. Mama yako mpeleke ofisini kwa Bwana Iandikwe akampe ahsante kwa mdomo wake. Wakili aliyeshindwa kesi hapati wageni wa namna hiyo, atafurahi kuliko unavyodhani.

Ila usianzie huko. Kila asubuhi unayoamka ukiona haya, kaka yako anaamkia ndani. Vaa viatu.