Kichupa Nilichokiachia Hewani

Maëlys, uko? Shoga, nimekwisha.

Kile kichupa cha povu, kile kimoja tu kilichopona. Nimekivunja. Na wala si kwenye ndege!

Asubuhi nzima rubani katupandisha na kutushusha makusudi, tulipime povu likiwa halina uzito. Uzito ukitutoka, tunaelea. Ukirudi, tunabanwa sakafuni kama kila mtu kabeba mwenzake mgongoni. Nimetapika mpaka nyongo. Vichupa vingine vyote vikapasuka. Hiki kikagoma.

Tukatua. Profesa Lartigue kasimama chini ya ngazi, meno yote nje: "Hongera, mwanangu! Lete mkono!"

Mkono wa kulia nina kichupa, wa kushoto nina mfuko wa matapishi yangu. Basi nikafanya kile nilichokuwa nikifanya asubuhi nzima kule juu: nikakiachia kichupa hewani kinisubiri, nikampa mkono.

Nimekiachia. Hewani. Hapa Bordeaux, juu ya lami!

Wala hakunifokea, afadhali angenifokea. Alivitazama vile vipande, akaniuliza taratibu, "Solène, ulidhani nani angekishika?"

Mwaka mzima wa maabara, na ndege hatuipati tena mpaka mwakani.

Sasa niko kantini, nimechoka hata kulia siwezi. Usinicheke kwa makosa ya herufi, nakuandikia kwa kidole gumba kimoja. Mkono mwingine umeshika kikombe cha kahawa, na meza iko hapa hapa mbele yangu, lakini sithubutu kukiachia.