Karata ya Tano Imeshalala

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Jicho linaendeleaje? Mimi mzima, ila mikono inanuka sabuni hata siku ya mapumziko.

Baba, nifundishe tena poka, ule mchezo wako wa karata. Hapa tunapofulia mashuka ya hoteli, msimamizi hataki ugomvi wa likizo. Wanaotaka wiki ile ile waelewane wenyewe. Sisi huelewana kwa karata. Kila mtu anapewa vifungo thelathini, vile vinavyobaki ndani ya mashine, na atakayekusanya vyote ndiye mwenye wiki. Naitaka wiki ya pili ya Mei, upasuliwe jicho nikiwa nje ya mlango. Mama Pasi, mkuu wa wapiga pasi, anaitaka hiyo hiyo.

Shida yangu ni karata ya mwisho. Ikifunuliwa ile ya tano ya pamoja mezani, hata nikiwa na nzuri mkononi naganda, nagonga meza kwamba sibeti, tunaonyeshana bure. Nikishinda ni vifungo viwili, nikishindwa ni kumi.

Mwanao

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, mlalamishi ni jicho la kulia tu. Saa za watu nimezirudisha zote; fundi asiyeona skrubu ni mharibifu.

Sasa sikiliza. Karata ya tano ikishalala, hakuna nyingine itakayokuja kukuokoa. Jiulize, yupo mwenye karata dhaifu kuliko zako atakayelipa ili aone? Beti, kiasi anachoweza kumeza. Au yupo mwenye bora atakayeogopa akazitupa, akajitoa? Beti pia, lakini uwe umemsimulia hadithi moja tangu mwanzo. Na kama dhaifu atatupa na bora atalipa, unambetia nani? Gonga meza unyamaze.

Mtazame mtu kabla ya kutazama karata.

Baba yako

11 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo! Za huko? Wiki ni yangu!

Tulibaki wawili, mimi na Mama Pasi. Nilikuwa na wafalme wawili na saba mbili. Karata ya tano ikalala, mkono wangu ukaanza kwenda wenyewe kugonga meza. Nikauzuia. Nikajiuliza, huyu mama ni mtu wa namna gani? Ni mtu wa kugusa pasi mara tatu kuhakikisha imepata moto. Hawezi kutupa bila kuona. Nikabeti vifungo kumi na viwili, vyote alivyobaki navyo. Akaguna, akasema mtoto wa nyoka ni nyoka, akalipa. Alikuwa na wafalme wawili basi!

Jina langu limeshaandikwa kwenye orodha ya likizo ukutani.

Mwanao

24 Aprili

Mwanangu mpendwa sana,

Marahaba, marahaba. Hujambo sana? Mimi mzima, mzima kabisa. Usije. Upasuaji umesogezwa hadi mwakani. Tena jicho limepoa lenyewe, jana nimesoma gazeti zima. Tena shangazi yako atanisindikiza. Tena nauli imepanda. Mpe Mama Pasi wiki yake, maskini.

Baba yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi hali, maana hutaniambia kweli.

Safari hii umenibetia mimi. Ulinifundisha hadithi moja, ukaniletea nne. Kama upasuaji umesogezwa, shangazi anakusindikiza wapi? Na msomaji wa gazeti zima mbona ameandika mstari juu ya mstari, hadi nikaisoma barua dirishani neno kwa neno?

Wewe huogopi kisu. Unaogopa bandeji ifunguliwe, ukute giza, na mimi nimesimama pale nakutazama. Hata mimi naogopa, Baba. Nafua mashuka huku machozi yananitoka. Lakini hofu ya wawili ina nafuu. Sizitupi karata zangu. Nalipa nione. Tiketi nimeshakata, nafika Jumatatu wiki yangu ikianza.

Mwanao

6 Mei

Mama,

Umenishika, mwanangu.

Upasuaji ni Jumanne, kesho yake ukishafika, saa mbili asubuhi. Daktari anasema katika macho kumi, nane huona. Nane si haba. Shangazi yako hajui lolote, nilimsingizia.

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, nakuambia wewe: naogopa sana. Njoo. Asubuhi unishike mkono tuvuke barabara.

Baba yako