Malkia wa Ratnagiri na Mama wa Niboye

Pune, India
9 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimepona, na pilipili ya huku siku hizi hainitoi machozi. Mguu wako unaendeleaje? Bado unavimba ukishinda umekaa?

Wiki iliyopita nilikwenda Ratnagiri, mji mdogo ambako Waingereza walimhamishia Malkia Supayalat wa Burma, yule ninayeandika tasnifu juu yake. Aliolewa na Mfalme Thibaw, ndugu yake wa baba mmoja, kama desturi ya ukoo wao ilivyoruhusu, na akamkatalia mumewe kuoa wake wengine kama wafalme waliotangulia. Mwanzoni mwa utawala wao ndugu wengi wa mfalme waliuawa. Wengi wamemtwika yeye lawama hizo, wengine wanasema ni mama yake na mawaziri. Mwaka 1885 Waingereza wakaja na meli na bunduki, wakawatoa ikuluni kwa mkokoteni wa ng'ombe, watu wa mji wakitazama. Kila kitabu kinasema alikuwa mwanamke wa kiburi.

Kilichonikaa moyoni ni binti yake wa pili. Alimpenda mwanamume aliyewahi kuwa karani wa baba yake. Malkia akakataa. Binti akatoroka, akaolewa, na mama yake hakumtaka tena.

Mama, Lillian na Conrad wanafunga ndoa mwezi ujao kwenye ofisi ya serikali ya sekta ya Masaka, hapohapo Kigali. Nimeona heri nikwambie mimi. Dada yangu anakuhitaji. Nenda.

Mwanao,
Umutoni


Niboye, Kigali
13 Februari 2024

Umutoni,

Salamu nimezipata. Mguu unauma, na sasa kichwa pia, kwa ajili yako.

Nilikupeleka India nikidhani unajifunza historia. Kumbe unajifunza kuninyooshea kidole kwa mkono wa marehemu.

Huyo malkia, nani kaandika kwamba ana kiburi? Si haohao waliomtoa nyumbani kwake? Mimi nilizaliwa Ngara, mtoto wa wakimbizi. Mama yangu alikuwa binti wa watu, na alipanga foleni ya unga, sahani mkononi. Wakamwambia ashukuru. Hakushukuru. Wakasema ana kiburi. Mtu akishanyang'anywa kila kitu, anabaki na neno moja, hapana. Ukimnyang'anya na hilo, unataka abaki na nini?

Na Conrad. Alikuwa dereva wa baba yenu. Alikula mezani kwangu. Baba yenu alipougua nilimpa chumba cha nyuma ili awe karibu. Kumbe anamtazama binti yangu. Na Lillian hakuniambia. Habari nilipewa na mama mmoja wa kanisani, mbele za watu, nikacheka kama mtu aliyekuwa anajua. Matanga ya baba yenu hayajapoa, akabeba mabegi akamfuata. Hakuna posa, hakuna wazee walioketi. Wenyewe tunaita kwishyingira, mtu kujiozesha kama asiye na kwao. Mimi nilingoja nusu ya maisha yangu kupata kwetu, naye amepatupa kama ganda la ndizi.

Siendi.

Na kabla hujaniandikia tena, tafuta kwanza huyo malkia alimzika wapi mumewe. Hilo ndilo la kuandikia tasnifu.

Mama yako


Pune
24 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Leo siulizi habari za mguu, maana nimeamua kuamini kwamba ndio uliokuzuia.

Harusi niliitazama kwenye simu. Shangazi Mukantwari alisimama upande wa Lillian. Ofisa alipouliza wazazi wa bibi harusi wako wapi, dada akajibu, "Baba amefariki. Mama anaumwa." Ameongopa kwa ajili yako mbele ya bendera ya nchi, Mama. Amekufunika.

Umeuliza kaburi. Mfalme alifariki hukohuko Ratnagiri mwaka 1916. Malkia akakataa azikwe ugenini. Akadai ampeleke kwao, wakubwa wakamkatalia, naye akawakatalia kuzika. Jeneza likangoja miaka, mpaka serikali ikajenga kaburi na kumweka humo bila ridhaa yake. Alirudi Burma bila mumewe, akakaa katika nyumba ya kawaida mjini Rangoon, watu wakimpigia magoti bado, akafa mwaka 1925. Kwa hilo umeshinda. Sikuwahi kuiona hasira yake kuwa ni ya mtu aliyedhulumiwa, na sura ile ya tasnifu nimeifuta, naiandika upya.

Lakini binti yake hakumnyang'anya nchi. Alitolewa ikuluni akiwa mtoto mchanga, hakukumbuka ikulu wala mkokoteni. Alitaka mume tu. Hasira ya malkia ilikuwa ya wenye bunduki, ikamwangukia aliyekuwa karibu. Katika yote niliyosoma sijaona mahali walipopatana.

Na usiniandikie tena kwamba Conrad alikula mezani kwako. Baba aliposhindwa kujigeuza kitandani, nani alimgeuza? Wewe ulikuwa kazini Kimihurura, mimi niko huku. Ni Lillian na Conrad. Walipendana wakimuuguza mume wako. Ulitaka wapendane wapi, hotelini?

Nimekasirika, Mama. Umenilea nisinyamaze mtu anapoonewa. Sasa onja.

Mwanao,
Umutoni


Pune
30 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Tangu Machi hujajibu, na simu zangu unazikata.

Lillian ni mjamzito. Shinikizo la damu limepanda na wamemlaza. Sikuombi umsamehe. Nakujulisha tu, usije ukasema hukuambiwa.

Umutoni


Niboye
20 Agosti 2024

Umutoni mwanangu,

Nakusalimu. Mimi mzima, mguu umepungua. Kula vizuri, kwenye picha uliyomtumia shangazi yako umekonda.

Mtoto wamemwita Gwiza. Wa kike. Shangazi yako ndiye aliyeniambia, tena wiki imeshapita.

Jana nilipanda pikipiki ya kukodi hadi Masaka. Usifikiri ni kwa sababu ya malkia wako. Nilikwenda kwa sababu nilikasirika: mjukuu wangu anazaliwa, nami napewa habari kama jirani.

Nyumba yao haijapigwa lipu, mahindi yanafika ukutani. Conrad alifungua geti, akanisalimu kwa mikono miwili, akageuka kufuata kiti. Lillian akatoka bila mtoto.

"Usilete kiti," akamwambia mumewe.

Nikasema, "Nimekuja kumwona mjukuu."

"Unapataje mjukuu bila kuwa na binti?"

"Lillian, mimi ni mama yako."

"Hospitalini niliishiwa nguvu, nesi akaniuliza, hali ikibadilika tumwite nani? Nikataja shangazi. Jina lako lilinijia, nikalimeza. Ulitaka niseme mara ngapi kwamba unaumwa?"

Na mimi nikamwambia yangu. Kanisani, mabegi, matanga ya baba yake, sikubakiza. Naye hakubakiza. Aliniambia kwamba baba yenu alijua, na alibariki, na akamwomba angoje ili yeye baba aniambie mwenyewe, kisha kifo kikamtangulia. Nikamwita mwongo. Conrad akasema kwa upole, "Mama, ni kweli." Sote wawili tukamwambia anyamaze. Tulipigiana kelele pale getini mpaka watu wa shamba la jirani wakaacha kupalilia.

Ndipo mtoto akalia ndani.

Nilipiga hatua. Lillian akaweka mkono kwenye geti.

"Leo humwoni," akasema. "Njoo Jumapili. Na ukija, ukae mpaka jioni. Hapa si mahali pa kuja kutukana na kuondoka."

Akafunga. Binti niliyemzaa mwenyewe.

Mwenye pikipiki aliniuliza njiani kama nimefiwa. Nikamwambia aendeshe. Nina hasira, Umutoni. Nina hasira na yeye, na wewe, na zaidi na baba yenu aliyekufa na neno langu mdomoni. Nililala nayo na nimeamka nayo. Lakini kila nikimkumbuka alivyosimama pale, bado hajapona vizuri, mkono kwenye geti na sauti haitetemeki, najiuliza nilitaka afanane na nani.

Jumapili nitakwenda. Radhi sitaomba nje, majirani wameshasikia ya kutosha. Nikiingia ndani ndipo nitajua la kusema.

Mama yako,
bibi yake Gwiza